Kitu Chochote Kisichotajwa Hapo Juu

Vijana, kabla hujachovya brashi, muulize mwenye kazi swali hili: anayelipa anapata nini? Akikujibu haraka, chora. Akianza kukuna kichwa, weka brashi chini, kunywa maji, msubiri. Nimechora mabango ya bei kwa zaidi ya miaka thelathini, kuanzia stendi ya Mbinga, Maguu, Mpepai na Ukata, mpaka chini kabisa ufukoni mwa Ziwa Nyasa, na swali hilo niliacha kuliuliza mara moja tu. Mara hiyo moja mlipaji nilikuja kuwa mimi, na aliyelipiwa alikuwa mke wangu Editha, akiwa ndani ya jeneza, kwenye mchanga, akisubiri boti impeleke kwao azikwe karibu na mama yake.

Nitafika huko. Sina haraka, na nyinyi mnaosoma hamna haraka pia, maana kama mngekuwa na kazi saa hizi mngekuwa juu ya ngazi.

Shule yangu ni darasa la saba. Maneno niliyafundishwa na Mzee Bakari, ambaye babu zake walitoka Kilwa kuja kufungua duka Mbinga, duka likafa, yeye akabaki na brashi tatu na ulimi wa pwani. Alikuwa mchoyo. Mwezi wa kwanza alinitoza ada ya kujifunza. Mwezi wa pili nikamwaga kopo la rangi nyekundu, akanitoza faini. Mwezi wa tatu akanilipa posho, halafu akakata humo nauli ya kunituma Songea, safari ambayo niliifanya bure juu ya lori la mahindi. Nikamuuliza swali lile lile, maana alinifundisha yeye.

"Mzee, mimi ninayelipa kila siku napata nini?"

"Leo unapata kuondoka mapema," akasema. "Nenda."

Lakini kazi aliijua. Alinifundisha kwamba ubao wa bei una vitu viwili visivyozeeka pamoja. Neno lichore kwa rangi ya mafuta, moja kwa moja kwenye ubao. Namba zichore kwenye vibati vidogo vya kuning'iniza kwa misumari, maana neno hukaa miaka kumi, namba hukaa mpaka petroli ipande. Alinifundisha kupiga uzi wa chaki ili safu zisiende upogo, na kuanza neno na herufi ya katikati. USHURU ni neno jepesi, herufi sita, tatu ni U, mkono ukishaipata moja umepata nusu ya kazi. KIINGILIO linatisha kwa urefu lakini lina I nne, ni kama kuchora uzio. Linaloua ni MCHANGO. M yake peke yake inakula nafasi ya watu wawili, na maana yake inakula zaidi.

Kazi yangu ya kwanza bila mwalimu ilikuwa choo cha stendi. Mwenye choo, Mama Betrida, alitaka niandike MCHANGO WA CHOO.

"Anayechangia anapata nini, mama?"

"Anaingia."

"Na asiyechangia?"

"Aingie wapi? Akajisaidie kwao."

"Basi si mchango, mama. Ni kiingilio."

Nikachora KIINGILIO kwa bluu, herufi zimesimama kama askari. Wiki nzima makondakta walikuwa wakipita wanamuuliza leo inapiga bendi gani. Mmoja alitoka ndani akifunga mkanda, akadai arudishiwe hela yake kwa sababu onyesho lilikuwa fupi. Mama Betrida akaubeba ubao kichwani mpaka kwa Mzee Bakari, akautupa mlangoni.

"Mwanafunzi wako amenifanya kichekesho cha mji!"

Mzee Bakari akausoma ubao bila kuinuka kwenye kiti. "Wanacheka kwa sababu wameelewa," akasema. "Ungeandika mchango ungekuwa unapigana mlangoni kila asubuhi na watu wanaosema leo hawajisikii kuchangia. Nani aligoma kulipa wiki hii?"

Mama Betrida akafikiri. "Hakuna."

"Mrudishie ubao wake mwenye choo," Mzee Bakari akaniambia mimi. Nikaubeba mpaka stendi. Nauli sikupewa.

Mnaona sasa kwa nini nawasisitiza hilo swali. Maneno ya malipo ni mengi kwa sababu kila mwenye kupokea anatafuta lile litakalomfanya mlipaji asiulize. Mtu akiona "bei" atabishana, hata akiwa bubu atabishana kwa vidole. Ukimwandikia "ada" anavua kofia. Ukimwandikia "tozo" anajua imetoka juu, anakasirika lakini analipa. Ukimwandikia "mchango" anaona aibu mbele ya majirani. Wala hapo sijataja lile lisiloandikwa kwenye ubao wowote, lile la mtu anayekushikilia karatasi yako mezani anakuambia kuna joto leo, hata soda sijanywa. Hilo halijawahi kuhitaji mchoraji.

Kuna shule moja, sitasema iko kata gani, mkuu wake aliniletea maneno haya: MCHANGO WA HIARI WA KILA MZAZI. MWISHO TAREHE KUMI NA TANO. ATAKAYECHELEWA ATALIPA FAINI.

"Mwalimu," nikasema, "hiari nayo ina faini?"

"Fundi, hiari ni ya wazazi. Faini ni ya shule."

"Na ikiwa mzazi hataki?"

"Wazazi walikutana wakakubaliana kwa hiari yao kwamba iwe lazima."

Niliuchora. Nakiri. Nilikuwa na mtoto shuleni hapo hapo, na hiari yangu mwenyewe nilikuwa bado sijaitoa.

Msidhani ni Kiswahili peke yake. Mama Otilia, mwenye nyumba ya wageni pale ufukoni, alitaka ubao wa Kiingereza kwa ajili ya Wazungu wanaokuja kuogelea. Maneno aliandikiwa na mwanawe wa kidato cha pili, kwa msaada wa kamusi isiyokuwa na jalada. Mimi nikachora nilichopewa: ROOM FINE, na chini yake SWIMMING FARE. Siku ya pili akaja Mzungu mmoja wa makamo, mkazi wa nchi hii wa muda mrefu, taulo begani, akasimama mbele ya ubao wangu kwa muda.

"Mama," akasema kwa Kiswahili kinachonishinda mimi, "nimefanya kosa gani? Hapa naambiwa nikilala chumbani nalipa faini. Halafu nikiingia majini nalipa nauli. Atanibeba nani, samaki mbasa?"

Mama Otilia hakuwa mtu wa kushindwa. "Wewe lala kwanza," akamjibu. "Kosa tutalitafuta asubuhi."

Mzungu yule alikaa nami mchana kutwa wakati nakwangua ubao, akinieleza. Kumbe na wao wako hivyo hivyo. Wana neno lao la kupanda gari, neno la mlangoni, neno la daktari na mwanasheria, neno la sokoni, neno la barabara na daraja, neno la kosa, na neno moja la jumla ambalo benki hulitumia kukukata bila kukuuliza. Kila mahali mkono unaponyooshwa wameweka neno lake. Nilifarijika sana. Nilikuwa nimeanza kudhani ni sisi tu.

Nimemtaja Editha mara moja nikampita. Nirudi.

Nilimpata huko huko ufukoni, kijiji ambacho mvua zikikolea hakifikiki kwa gari, mto unakata barabara na unabaki na njia ya maji tu. Mimi ni Mmatengo wa Maguu, mtoto wa kahawa na baridi, yeye Mnyasa. Siku ya kwenda kuposa, mjomba wangu, ambaye alikuwa amezoea kuuza ng'ombe, alifungua mazungumzo kwa kusema, "Haya wenzetu, tajeni bei."

Baba yake Editha alikuwa mchonga mitumbwi. Akaweka kikombe cha chai chini.

"Bei ni ya mtumbwi," akasema. "Mtumbwi nikishauuza sitaki kuuona tena, maana ukirudi umerudi na tatizo. Huyu ni mtoto. Atarudi kutusalimia. Kwa hiyo hii inaitwa mahari. Kwani si mmesema kijana wenu kazi yake ni maneno?"

Wakacheka wote mpaka watoto nje. Mjomba akatozwa mbuzi mmoja kwa kosa la neno, na nusu ya mbuzi huyo tukamla sisi sisi tuliotozwa. Kabla hatujaondoka mzee alinishika mkono. "Mpeleke huko kwenye baridi yenu. Lakini umrudishe kutusalimia."

"Nitamrudisha, baba."

Editha aliuza usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, sokoni Mbinga miaka yote ya ndoa yetu. Mkusanya ushuru akifika kwenye meza yake alikuwa anamuuliza swali letu la nyumbani, mbele ya wateja: "Nakulipa. Napata nini?" Yule kijana akimpa risiti, Editha anaigeuza, anaiangalia, anasema, "Ahaa, karatasi ya kufungia usipa," na anamfungia mteja palepale. Kwangu mimi aliandika kwa mkaa juu ya mlango wa jiko: KUONJA KABLA YA WAKATI, NDOO MOJA YA MAJI. Sikuwahi kusamehewa hata ndoo moja.

Sasa ubao wa boti.

Nimwite Bwana Kawonga, si jina lake. Alikuwa na boti ya injini iliyokuwa ikipita vijiji vya ufukoni, kile cha kina Editha kikiwa kimojawapo. Alikuja karakana yangu na orodha ndefu na fedha taslimu, jambo ambalo humfanya fundi yeyote awe mjinga. Juu NAULI, safu mbili: KWENDA, na KWENDA NA KURUDI. Mtu mzima. Mtoto. Mtoto wa kubebwa, hatozwi. Chini yake MIZIGO, ambayo nayo ilikuwa na safu hizo hizo mbili, kwa ajili ya wafanyabiashara wanaorudi na bidhaa zisizouzika. Gunia. Tenga la kuku. Mbuzi. Baiskeli. Godoro.

"Shida yangu, Fundi," akasema, "watu wetu wana akili mno. Ukiandika gunia, analeta nusu gunia. Ukiandika baiskeli, anafungua magurudumu anasema hivi ni vyuma. Juzi kuna mmoja kaja na mlango. Namwambia lipia mzigo, ananiambia mlango si mzigo, mlango ni nyumba."

"Tuandike mlango."

"Kesho ataleta dirisha."

Hapo ndipo majivuno yalinipanda. Miaka yote nilikuwa nachora maneno ya watu, na leo mwenye mali ananiuliza mimi. Nikachukua chaki nikamtungia mstari wa kufungia ubao wote, kutoka ukingo hadi ukingo, kuzikata safu zote mbili: KITU CHOCHOTE KISICHOTAJWA HAPO JUU KITAPIMWA NA KULIPIWA KWA KILO, MARA MBILI.

"Mara mbili ya nini?" akauliza.

"Adhabu ya kuleta kitu cha ajabu."

Alicheka akapiga meza. "Na wakinilia? Wakisema nina njaa, mama anaumwa?"

"Bwana Kawonga, ubao ukishamsamehe mmoja si ubao tena. Ni pambo."

Nilisema hivyo. Mimi. Akaniongezea pesa juu ya malipo. Sikuuliza anayelipa anapata nini, kwa sababu mtunzi wa mstari nilikuwa mimi, na mtu hajihoji mwenyewe. Nikauchora kwa rangi nyekundu, mikono miwili ya rangi, mmoja juu ya mwingine, ili ukae.

Editha aliukuta umeegemezwa ukutani unakauka. Akausoma wote, beseni la usipa kichwani.

"Mbona umekuwa mkali hivi?"

"Watu wajanja, mama."

"Na mtu akija na kitu ambacho hakujua kama atakuja nacho?"

"Kama kitu gani?"

"Sijui. Ndiyo maana hakijatajwa." Akaingia ndani.

Miaka ikapita. Kazi yetu ikaanza kuchukuliwa na mashine zenu za kuchapa, turubai linatoka limeshakauka, lina picha ya mwenye duka na simba na jua linachomoza, na makosa ya herufi yanayong'aa. Siwalaumu. Ninachowalaumu ni kwamba hamuulizi. Mteja anawatumia maneno kwa simu, mnachapa. Na siku hizi malipo mengine hayahitaji hata turubai. Unamtumia mwanao pesa, simu inalia, unaarifiwa kwamba umekatwa. Zamani neno lilikuwa linakuja kabla ya pesa kuondoka. Sasa pesa inatangulia, neno linafuata nyuma kuja kukupa pole.

Editha aliugua mwezi mmoja na nusu. Nisiwachoshe. Kitandani alikuwa akizisoma risiti za hospitali moja moja, na siku moja akaniambia, "Kosmas, nikimaliza hapa unipeleke kwetu. Kwa mama." Alisema nikimaliza, kama mtu aliye kwenye foleni. Nikamwambia nitampeleka. Kwetu desturi mke huzikwa kwa mumewe, na ndugu zangu wa Maguu walinisema sana. Niliwaacha waseme. Nilikuwa na ahadi ya zamani kuliko hasira yao.

Alimaliza wakati wa mvua. Gari likatufikisha ufukoni asubuhi, zaidi ya hapo barabara hakuna. Tukalishusha jeneza juu ya mikeka, na mbele yangu, kwenye nguzo mbili, ulikuwepo ubao wangu. Rangi nyekundu haikupauka hata kidogo. Nilikuwa nimeufanya vizuri.

Karani wa boti alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu aitwaye Zawadi, kalamu mbili amezichomeka kwenye nywele.

"Shikamoo baba. Poleni sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

"Abiria mko wangapi?"

"Tisa," akasema Yohana, mdogo wake Editha. "Na marehemu."

Zawadi akakata risiti tisa. Kisha akageukia ubao akaanza kusoma kutoka juu. Gunia. Tenga. Mbuzi. Baiskeli. Godoro. Alipofika kwenye nyekundu niliona midomo yake ikisoma pole pole.

"Jeneza halipo," akasema.

"Halipo wapi? Si lile pale!" akadakia Mama Skola, kiongozi wa kwaya aliyetoka nasi Mbinga.

"Kwenye ubao, mama. Na kisichokuwepo kwenye ubao kinapimwa kwa kilo. Sikuandika mimi."

"Kipimwe nini?" Yohana akasogea. "Dada yangu si kitu chochote."

"Mwandikie godoro," akasema abiria mmoja mwenye mbuzi, akitaka kusaidia. "Si amelala."

"Wewe na mbuzi wako nyamaza," akasema Mama Skola. "Hata mbuzi wako katajwa hapo! Karani, soma pale juu. Mtoto wa kubebwa hatozwi. Huyu wetu tunambeba watu sita!"

Baadhi wakacheka, na mimi karibu nicheke, kwa sababu ilikuwa hoja nzuri, na Editha angeifurahia. Lakini vijana wawili wa boti walikuwa wameshaanza kuburuta mizani ya magunia kwenye mchanga, ile ya sahani ya chuma, ina vumbi la mahindi. Niliitazama ile sahani. Nilielewa kwamba dakika chache zijazo mke wangu atawekwa hapo juu, na mtu atasogeza jiwe la mizani mbele na nyuma mpaka mkono wa chuma utulie, na atataja namba kwa sauti, na itazidishwa mara mbili, kwa sababu mimi siku moja nilitaka kuonekana hodari.

Yohana akaunyooshea ubao kidole. "Mpumbavu gani aliandika hivi?"

Ningeweza kunyamaza. Ubao hauna saini.

"Ni mimi, shemeji."

"Wewe ulichora tu. Nauliza aliyeandika."

"Orodha aliileta mwenye boti. Huo mstari mwekundu nilimtungia mimi."

Kisha Mama Skola, aliyenijua tangu ujana wangu, akasema, "Basi aanze kupimwa yeye."

Zawadi akampigia simu Bwana Kawonga, akaweka sauti ya nje. Alinipa pole kwa maneno mazuri, marefu. Halafu akasema, "Lakini Fundi, wewe mwenyewe uliniambia. Ubao ukimsamehe mmoja ni pambo. Neno lako nimelishika miaka yote hii. Hata mama yangu mdogo analipa."

"Nilisema, Bwana Kawonga. Na sikuombi unisamehe."

"Sasa nifanyeje?"

Mtandao ukakata hapo. Sijui kama ni mtandao.

Mizani ilikuwa imeshafika. Nikamsogelea Zawadi.

"Mwanangu, hapa anayelipa anapata nini?"

"Kwa kipi, baba?"

"Kwa huyu."

"Anafikishwa."

"Mzigo ukifika, inakuwaje?"

"Mwenyewe anakuja na risiti, anauchukua."

"Na huyu akifika?"

Akalitazama jeneza, akamtazama Yohana, akaangalia majini kule kijiji kilipo. "Wanakuja ndugu zake kumpokea," akasema.

"Ambaye akifika anapokelewa na ndugu zake, wewe siku zote unamkatia nini?"

Alichomoa kalamu kwenye nywele, akafungua ukurasa mpya.

"Jina la abiria?"

"Editha."

"Mtu mzima?"

"Mtu mzima."

Nikalipa nauli, sawasawa na ya Yohana na ya Mama Skola. Aliponikabidhi risiti alisema chini chini, "Bosi atanikata mshahara, baba."

"Hatakukata."

Vijana wakairudisha mizani. Mwenye mbuzi akamsogeza mbuzi wake nyuma kabisa, bila kuambiwa, ili abiria wa kumi apate nafasi.

Kijijini walikuwa wamejaa ufukoni. Baba yake Editha alishatangulia zamani, lakini shangazi yake aliyekuwepo siku ile ya mahari alikuwa bado yupo, bibi wa zaidi ya miaka themanini. Akaweka kiganja juu ya mbao. "Karibu nyumbani," akamwambia. "Umechelewa." Tukamzika jioni ile, kando ya mama yake.

Baada ya matanga nikapanda boti kurudi, na badala ya kwenda Mbinga nikashuka kwa Bwana Kawonga. Nilikuwa na kopo la rangi na brashi mbili. Nikamwambia mstari mwekundu ni kosa langu la kazi, fundi hurekebisha kosa lake bila malipo, naomba ruhusa yake niukwangue, na naomba mshahara wa Zawadi usiguswe. Bila ruhusa nisingegusa. Ubao ni wa mwenye mali.

Alikuwa na haya, nadhani. Alizunguka zunguka, akaulizia bei ya rangi ingawa nimeshasema ni bure, akasema Zawadi hatakatwa, halafu akakubali.

"Ila uache ubao ukiwa sawa kibiashara," akasema. "Hiyo ya maiti iandike iwe na mstari wake. Watakuja wengine."

"Nitaandika MAREHEMU. Nauli ya mtu mzima."

"Sawa." Akatoa karatasi yake ya bei akaanza kuandika, mtu makini. Kisha akainua macho. "Safu ya kwenda, au ya kwenda na kurudi?"

Hakuwa akitania. Alitaka kujua aandike nini.

"Kwenda tu," nikasema.

Ilinichukua siku nzima. Nilikwangua nyekundu mpaka mbao ikaonekana, nikapiga uzi wa chaki, nikaanza na herufi ya katikati kama nilivyofundishwa. MAREHEMU ina herufi nane na haina ya katikati, kwa hiyo nilianzia pale R na E ya pili, hapana, E ya kwanza na H zinapokutana. Kibati cha bei nikakining'iniza kwenye safu ya kwanza. Kwenye safu ya pili Zawadi akanishikia msumari mwingine na kibati kingine kitupu, amezoea kila mstari uwe na viwili.

Nikamrudishia msumari. Ile ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Mkipita pale mtaiona, upande wa kulia, chini kabisa, mahali ambapo hapana tundu la msumari.